Nilivyopongezwa kwa deni langu mwenyewe

Shemeji yangu wa Dallas ndiye aliyenipoteza kwanza. "Tumia anwani yangu," aliniambia, "binti akija chuo huku atalipa karo nafuu ya wenyeji wa Texas." Nami, mtu mzima na mvi zangu, nikakubali. Chuo kikataka ushahidi kwamba mzazi ameishi kule miezi 12: mkataba wa nyumba, hati za mshahara. Mshahara wangu unatoka Minneapolis na leseni yangu ya udereva ni ya Minnesota. Barua pepe ile niliijibu kwa kunyamaza.

Mzee mmoja wa kanisa naye akatuonya tusiguse vyuo vya kibinafsi, eti ni vya matajiri. Uongo. Bei iliyo kwenye tovuti si lazima uilipe wewe. Kila chuo kina kikokotoo chake humo humo cha kukadiria utakacholipa wewe, kitafuteni. FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, tulishajaza.

Machi, chuo kimoja cha kibinafsi kikaandika. Gharama zote karibu dola 70,000, kisha "Hongera!", na chini kabisa: mtabakiwa na dola 6,000 za kulipa. Sita! Mama watoto akapika chapati, mimi nikawapigia ndugu simu hadi Kisii.

Asubuhi nikaisoma tena kwa kalamu nyekundu, bila chapati. Dola 5,500: mkopo wa mtoto. Nikaukata kwenye orodha ya msaada. Mstari uliofuata, 12,000, ulikuwa na jina refu lenye neno PLUS. Nikauliza Google. Mkopo wa mzazi. Mzazi ni nani? Mimi! Wananipongeza kwa deni nitakalolipa mwenyewe, na riba juu. Sita ikawa 23,500. Ndugu wa Kisii sikuwapigia tena.

Chuo kile cha kibinafsi nilikiandikia, nikaambatisha barua ya chuo cha umma cha hapa jimboni, wakaongeza elfu tatu. Kuomba si aibu, ila hazikutosha. Jimbo jirani la Wisconsin nako tuna mkataba wa ujirani, karo si ya mgeni, lakini North Star Promise haivuki mpaka. Huo ni mpango wa Minnesota ulioanza 2024: familia yenye mapato chini ya dola 80,000 inamaliziwa karo katika vyuo vya umma vya jimbo. Sisi tulipenya kwa upenyo wa sindano. Kwa mara ya kwanza nilifurahi kwamba bosi alininyima ovataimu.

Malazi na chakula tunalipa, elfu kumi na kitu. Kila Jumamosi binti anakuja na mfuko wa nguo chafu, anaondoka na chapati. Shemeji anasema kule Dallas angepata jua.