Nilivyopitisha rafu ya darasa langu kwenye ukaguzi wa vitabu Florida

Nafundisha shule ya msingi Florida, Marekani, na vitabu vingi vya darasani kwangu nilivinunua mwenyewe au nilipewa na wazazi. Sheria ya 2022 ilipotaka vitabu vya maktaba za shule vichaguliwe na mkutubi mwenye cheti, wengi wetu tulidhani rafu za darasani hazimo. Januari 2023 mamlaka za elimu za jimbo zikaweka wazi kwamba zimo. Kaunti ya Manatee kuna walimu waliozifunika rafu zao kwa karatasi. Hofu haikuwa ya bure: kumpa mtoto kitabu kinachohesabika kuwa na ponografia ni kosa la jinai, na kifungo chake kinafika miaka 5.

Mimi nilianza na vitabu ambavyo maktaba ya shule ilikuwa navyo tayari. Hivyo vilishapita, kwa hiyo vilirudi rafuni mapema na watoto wakapata cha kusoma. Vilivyobaki nilizipiga picha kwa simu namba zake za ISBN, zile za kutambulisha kila kitabu, nikaviingiza kwenye jedwali: jina, mwandishi, umri unaofaa. Mkutubi ni mmoja kwa shule nzima. Ukimshushia maboksi bila orodha, usishangae yakikaa. Nilimpelekea kidogo kidogo, nikitanguliza vile watoto walivyoviulizia. Vya wanyama na sayansi vilitoka haraka, riwaya zikachelewa.

Mzazi kujua mtoto wake anasoma nini sina ugomvi nako. Jedwali lile lile niliwatumia wazazi, na mmoja akaomba mwanawe asiazime hadithi za mizimu. Tukamalizana kwa ujumbe mfupi, bila fomu. Ninachokipinga ni mtu mmoja kuwaamulia watoto wa wenzake. Sheria ya 2023 ilitaka kitabu kikilalamikiwa kuwa kina ponografia au kinaeleza tendo la ngono, kiondolewe ndani ya siku 5 za shule, na kisirudi mpaka lalamiko liamuliwe. Wapo waliolalamikia vitabu kwa mkupuo, hadi 2024 bunge la jimbo likamwekea asiye na mtoto shuleni kikomo cha lalamiko moja kwa mwezi. Hata waliotunga sheria waliona imezidi.

Siku hizi mzazi akileta kitabu cha zawadi namshukuru, nakiandika kwenye jedwali, kisha kinakaa kabatini mpaka mkutubi akipitishe.