Nilivyojua kwamba pombe imenizidi

Kwa miaka mingi nilikuwa na picha yangu ya mlevi: yule anayeokotwa mtaroni Bondeni asubuhi viatu vimeibwa, au yule aliyeuza mabati ya nyumba yake. Mimi ni fundi cherehani hapa Nakuru. Kodi nalipa, karo haichelewi sana, na wazazi wanaotaka sare za shule wananijua. Hata Sheria ya Mututho ya 2010, ile ya baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, haikunisumbua. Nilikuwa mtu wa jioni, na mtu wa jioni kwa hesabu zangu hakuwa mlevi.

Hesabu hiyo iliharibiwa na sindano. Mikono ilianza kutetemeka asubuhi. Uzi nausogeza kwenye tundu, unapita kando. Naulamba, nausokota ncha, unapita kando tena. Basi nikawa naweka kichupa cha robo kwenye droo, chini ya bobini na vifungo. Mafunda mawili ya kutoa lock, yaani hangova, nangoja kidogo, mkono unatulia, uzi unapita. Msichana niliyekuwa namfundisha kazi hakusema neno. Alianza tu kufika mapema, akatunga uzi kwenye sindano kadhaa na kunichomekea kwenye kimto, tayari. Heshima hiyo iliniuma kuliko kelele zote za nyumbani. Jioni nilikuwa nakunywa kwa kupenda; asubuhi nilikuwa nakunywa ili niweze kushona.

Nikaamua kuacha ghafla, nijifungie ndani wikendi nzima. Mama watoto akakataa. Kaka yake aliwahi kujaribu hivyo kule Molo, siku ya pili akaanguka kifafa.

"Twende hospitali kwanza, baba. Hayo mengine utayafanya ukirudi."

Nilitarajia mahubiri. Daktari akauliza maswali manne tu. Umewahi kuona kwamba ungepaswa kupunguza? Watu hukuudhi wakiisema pombe yako? Hujilaumu kwa unywaji wako? Umewahi kunywa asubuhi ili utulie au uondoe hangova? Ukikubali mawili, akasema, kuna haja ya kuchunguzwa zaidi. Nilikubali yote, na lile la mwisho hakuhitaji jibu, alikuwa ameshaitazama mikono yangu.

Kisha akanieleza jambo ambalo natamani kila mnywaji wa Rift Valley alijue. Pombe hutuliza ubongo, na ubongo unaoipata kila siku hujikaza ili kushindana nayo. Ukiikata ghafla, ule mkazo unabaki peke yake. Kutetemeka huanza baada ya muda wa saa sita hadi kumi na mbili hivi tangu glasi ya mwisho, kifafa kinaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, halafu wengine huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo. Watu hufa hivyo, wakidhani wanajikaza kiume. Nikapewa kitanda, diazepamu ya kupunguzwa kidogo kidogo, na sindano za vitamini B1, kwa sababu wanywaji wengi huwa wameishiwa nayo na upungufu wake huharibu kumbukumbu.

Asiyetetemeka asubuhi lakini ana wasiwasi na glasi yake anaweza kuanza na simu: 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, haikatwi salio. Mimi ningeanzia hapo mapema zaidi kama nisingekuwa nangoja kwanza nifanane na yule wa mtaroni.

Kitandani kulikuwa rahisi. Kazi yenyewe ilikuja baadaye, kwa mshauri, na hasa siku za malipo, maana njia yangu ya kwenda nyumbani inapita baa mbili. Sasa wateja wanalipia M-Pesa ya mama watoto, nami naomba nauli kama mtoto wa shule. Mafundi wenzangu wanacheka sana. Nauli naipata.