Simenti ya Mheshimiwa

Namba ya simu iliyochapwa kwenye mhuri wa duka niliijua. Jana yake jioni ilikuwa imenipigia kuniuliza kama nimepata usafiri wa kufika shuleni.

Ilikuwa Novemba 2021 na halmashauri zote zilikuwa mbio. Fedha za serikali za kukabiliana na UVIKO-19, yaani korona, zilishashuka, shilingi milioni 20 kwa kila darasa, na agizo lilikuwa moja: wanafunzi wakirudi Januari wakute madarasa. Nilikuwa mkaguzi wa ndani wa halmashauri ya wilaya, na siku hiyo zamu yangu ilikuwa sekondari ya kata yenye madarasa mawili. Milioni 40 zilikuwa kwenye akaunti ya shule.

Kazi ilikwenda kwa fosi akaunti. Kwa asiyeijua, maana yake hakuna mkandarasi. Shule inanunua vifaa yenyewe na kuingia mkataba na fundi wa mtaani. Kazi inashikwa na kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Zimetenganishwa makusudi. Anayechagua duka asiwe anayehesabu mifuko getini, na anayehesabu mifuko asiwe anayemsimamia fundi. Jina moja likitokea kwenye kamati mbili, hiyo tayari ni hoja ya ukaguzi. Pale hakukuwa na jina lililojirudia.

Faili la manunuzi mimi hulisoma kuanzia mwisho. Naanza na hati ya malipo, narudi kwenye risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ankara, hati ya mapokezi, deliveri noti, oda, hadi muhtasari wa kikao na kotesheni tatu, yaani bei zilizoandikwa na maduka matatu. Ukianzia mbele utasomewa hadithi kama walivyoipanga. Ukianzia nyuma, karatasi iliyotengenezwa baadaye inajitokeza yenyewe, kwa sababu tarehe zake zinagongana na za jirani yake. Pale hazikugongana. Simenti mifuko 130 ya awamu ya kwanza, kotesheni za 17,300, 17,000 na 16,500, akachukuliwa wa chini, jumla shilingi 2,145,000. Leseni ya biashara ilikuwa na jina la mwanamke, ambalo peke yake lisingeniambia kitu. Ni ule mhuri: namba yake ilikuwa ya diwani wa kata.

Nikarudi kwenye muhtasari. Wajumbe wa kamati ya manunuzi watano, wote wamesaini. Chini yao kuna kichwa kidogo, "Waalikwa", na aliyealikwa ni mmoja tu: Mheshimiwa diwani. Agenda namba 3, uteuzi wa mzabuni wa simenti, imeandikwa kwa mistari minne, na mmoja wapo unasema kwamba mwalikwa "alisisitiza umuhimu wa kununua karibu ili kuokoa muda". Hakuna palipoandikwa kwamba alitoka.

Stoo ilikuwa darasa bovu la zamani. Mifuko 90 iliyobaki ilikuwa imepangwa chini sakafuni, bila mbao, imegusa ukuta. Simenti unaipima kwa mkono kabla ya karatasi. Minya kona ya mfuko. Nzuri inabonyea kama unga. Ukikuta bonge, lifikiche kwa vidole: likivunjika kirahisi ni mgandamizo tu wa kupangwa, lisipovunjika limeshakula unyevu. Mifuko 17 iligoma. Siku chache sakafuni haziigeuzi simenti mpya kuwa jiwe. Hii ilifika ikiwa imelala sana mahali. Leja ya stoo ilisema "130, hali nzuri".

Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi alikuwa mzee wa makamo, mkulima, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa walimu.

"Mzee wangu, hii mliipokeaje?"

Akatazama mlangoni kwanza. "Mwanangu, lori lile alikuja nalo Mheshimiwa mwenyewe, kakaa mbele na dereva. Wewe ungemwambia arudishe mzigo?"

Nimesoma miongozo mingi ya mgongano wa maslahi, na karibu yote inaogopa bei. Bei ya pale haikuwa na tatizo. Kilichokufa ni geti. Kamati ya mapokezi ina silaha moja tu, kukataa, na ilinyang'anywa bila mtu kutoa hata shilingi ya rushwa. Fundi naye alishaanza kuyachekecha mabonge: ungaunga kwenye zege, mawe kwenye kifusi cha msingi. Ule unga unaopita kwenye chekeche nao umeshanyonya unyevu uleule, nguvu haina. Nikamwomba mhandisi wa halmashauri aje aangalie msingi kabla tofali hazijapanda.

Mheshimiwa alifika saa nane mchana, mkarimu, na soda mkononi ambazo nilizikataa kwa adabu nilizonazo. Hakukana duka. Ni la mama watoto, alisema, na yeye hakusaini popote. Nikamtajia Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya 1982: kwa wanandoa wanaoishi pamoja, maslahi ya mmoja anayoyajua mwenzake ni ya wote wawili. Akanijibu vizuri kuliko nilivyotegemea: hiyo inahusu vikao vya baraza na kamati zake, hii ni kamati ya shule. Kwa herufi za sheria alikuwa na hoja. Lakini diwani ni kiongozi wa umma chini ya Sheria ya Maadili ya 1995, na hiyo haimwachi kwenye ukumbi wa baraza. Inamfuata hadi chini ya mwembe.

"Lakini Bwana Mkaguzi, mimi fomu ya maadili nilijaza. Duka limo."

Nilimwamini, na hapo ndipo madiwani wengi wanapojikwaa. Tamko la rasilimali na madeni, lile la kabla ya tarehe 31 Desemba kila mwaka, linakwenda Sekretarieti ya Maadili. Linasaidia kulinganisha ulichokuwa nacho jana na ulichonacho leo. Mwalimu anayeandika muhtasari wa kikao cha simenti halioni. Maslahi yanatamkwa upya, kwa mdomo au barua, mbele ya watu wanaotaka kuamua, kabla agenda haijafunguliwa. Kisha unatoka. Kukaa nyuma kimya si kutoka. Katibu anaandika saa: "Alitamka kuwa duka lililoleta kotesheni ni la mke wake, akatoka saa 4:20, akarejea saa 4:45 agenda ya 3 ilipofungwa." Bila zile saa mbili, mkaguzi hana cha kushika na diwani hana cha kujitetea nacho. Baada ya hapo hasindikizi mzigo, haulizii malipo. Kwangu mimi hata mwaliko wenyewe ulikuwa wa ziada. Manunuzi ya shule hayahitaji mwalikwa.

Akabaki na moja, ambalo sikuwa na jibu zuri: kata nzima ina maduka mawili ya simenti, mjini ni kilomita 38. Mkiniondoa mimi mtanunua wapi?

Hoja niliyoandika ilikuwa na mambo matatu: mifuko 17 irudishwe ibadilishwe kwa gharama ya duka, Mheshimiwa aandike tamko liingie kwenye faili, na mifuko 130 ya awamu ya pili itafutiwe kotesheni upya bila yeye kuwepo. Mkuu wa shule alisaini kupokea bila kuniangalia usoni. Alikuwa na siku chache za kumaliza kazi, na mimi nilikuwa nimemwongezea kikao.

Nilirudi baada ya siku tisa kuhakiki. Duka la mjini lilishinda. Pamoja na usafiri mfuko ulifika kwa 16,900. Yaani ukaguzi wangu uliiongezea shule shilingi 52,000, na mkuu wa shule alihakikisha nalijua hilo kabla sijakaa. Mifuko 17 ilikuwa imebadilishwa, shilingi 280,500 kwa bei ya duka. Stoo ilikuwa imetandikwa mabanzi.

Lori la mjini lilikuwa bado linashusha. Mzee wa mapokezi alisimama kwenye ngazi ya stoo na daftari kwapani, kila mfuko unaopita anaubonyeza kona kwa kidole gumba. Wa arobaini na kitu akausimamisha. Kibarua akautua. Dereva akashuka akilalamika kwamba ametoka mjini usiku, hawezi kurudi na mifuko miwili. Mzee hakupandisha sauti. Alisema kata hii inapokea simenti, mawe wanayo, akaandika 128, akampa kalamu asaini.