Chokaa na mpira wa dripu: matumbawe ya nyumbani kwa gharama ndogo

Anayefuga matumbawe kwenye tangi Mombasa hana haja ya hita. Pesa zake huishia kwenye chumvi ya ng'ambo, chupa za kalsiamu, na kuongeza maji yanayokauka kila siku. Mawili ya mwisho yanamalizwa na chokaa.

Matumbawe magumu hujenga mifupa yao kwa kalsiamu na alkalini (kaboneti zilizoyeyuka majini) kwa uwiano usiobadilika sana: alkalini ikishuka dKH 1 (dKH ni kipimo chake), kalsiamu hushuka kama miligramu 7 kwa lita. Maji ya chokaa yana vyote viwili kwa uwiano karibu huohuo. Lita moja iliyokolea, ikiingia kwenye tangi la lita 100, huongeza dKH 1.1 hivi na kalsiamu miligramu 8 kwa lita. Kwa hiyo unarudisha maji yaliyokauka na kulisha matumbawe kwa pamoja.

Chokaa yenyewe ni kalsiamu hidroksidi; tafuta ya daraja la chakula au la maabara. Chokaa ya ukutani, na hata ile ya tambuu, iache. Hujui imechanganywa na nini. Pima gramu 2 kwa kila lita ya maji ya RO (yaliyochujwa madini kwa utando), tikisa, funika, acha itulie usiku kucha. Asubuhi utakuta unga mweupe chini na utando juu. Utando ni chokaa iliyoshikana na kaboni dioksidi ya hewani. Usiuvunje, na usikoroge unga. Kinachotumika ni maji maangavu ya katikati. Vaa glavu na miwani, maana pH yake (kipimo cha uasidi au ubesi) inapita 12.

Hatari yote iko kwenye hiyo pH. Ukimimina kwa kikombe, pH ya tangi inaruka na kalsiamu inaganda kuwa vumbi jeupe. Nenda duka la dawa ununue mpira wa dripu, ule wa matone 20 kwa mililita. Weka dumu juu zaidi ya tangi, ncha ya kuvutia maji ikae sentimita 3 juu ya unga, kisha kaza gurudumu dogo la kubana mpira hadi upate matone 33 kwa dakika. Hiyo ni lita moja kwa saa 10: fungulia saa mbili usiku, itaisha alfajiri saa kumi na mbili. Usiku ndio wakati wake, kwa sababu taa zikizimwa pH ya tangi hushuka yenyewe. Tone liangukie penye mkondo mkali wa pampu, kamwe si juu ya tumbawe.

Anza na robo lita, pima dKH kila siku saa ileile, upandishe polepole mpaka isimame kati ya 8 na 9. Dumu lisibebe zaidi ya kipimo cha usiku mmoja, ili gurudumu likilegea madhara yasipite hapo. Usipitishe maji ya chokaa kwenye boya la kujaza tangi: ukoko utaligandisha. Hata mpira huziba ncha. Uloweke kwenye siki, au ununue mwingine.

Maji ya RO ya madukani mara nyingi huongezwa madini, basi nenda na kipima TDS (madini yaliyoyeyuka); kikisoma zaidi ya 5, tafuta kwingine. Maji ya kiyoyozi yana shaba, ya mvua kutoka bati yana zinki, na konokono na kamba hawavumilii shaba hata kidogo.

Joto la kaskazi linatulizwa na feni ndogo ya kompyuta ikipuliza uso wa maji. Hupunguza nyuzi 2 hadi 3, ila hewa ikiwa na unyevu mwingi nguvu yake hupungua.

Chumvi nayo ipo baharini. Chota wakati wa bamvua, maji yakikaribia kujaa, kwenye ufuo unaotazama bahari kuu. Kilindini na mkono wa Tudor uepuke, kuna mafuta ya meli na maji taka. Dumu lisiwe limewahi kubeba mafuta. Chuja kwa kitambaa kizito, weka gizani na pampu ya hewa ikifanya kazi. Badilisha asilimia 10 ya maji ya tangi kila wiki mbili. Kabla ya kutia, pima kwa refraktomita (kipima chumvi) iliyosahihishwa kwa maji ya 35 ppt, yaani chumvi sehemu 35 kwa elfu: unataka 1.025 hadi 1.026, uzito wake ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi. Wakati wa masika, ikisoma chini ya 1.024, yamwage. Yamechanganyika na mvua, na mvua hiyo imepitia mitaroni.