Feni ya heta: namba moja, mbili na tatu zimerudi

Wakuu, feni ya heta ya gari langu imepona. Namba moja inapuliza, mbili inapuliza, tatu inapuliza, na nne ambayo haikuwahi kusumbua ipo palepale. Nimeiacha kwenye tatu muda mrefu injini ikiunguruma, halafu nikaingiza mkono chini ya dashibodi nikashika soketi ya rezista, kile kibao chenye koili kinachopunguza umeme wa feni kwenye spidi za chini, ikawa vuguvugu tu. Vuguvugu! Kwa jinsi hii soketi ilivyokuwa inaunguza vidole, mniache nifurahi.

Dalili za mwanzo mnazijua, spidi za chini zote zimekufa, ya juu inapiga kazi kama kawaida. Hapo huhitaji kuwa fundi kujua ni rezista, maana spidi ya juu inaikwepa na kupata umeme wa moja kwa moja. Nikatoa kidroo cha dashibodi, nikaichomoa rezista, koili zote nzima, ila fyuzi ya joto imekata. Rezista nzima mpya bei yake ya kuumiza roho, na kilichokufa ni kidude kimoja cha miguu miwili kama punje ya mchele, kwa nini ninunue yote?

Sasa hapo ndo balaa la kwanza likaanza. Fyuzi niliyopata inakata kwenye nyuzi 184. Risasi ya kulehemu ya kawaida, ile ya bati 63 kwa risasi 37, inayeyuka kwenye nyuzi 183, na nyingi ya zile zisizo na risasi kabisa zinataka 217 na zaidi. Kwa hiyo unaweka ncha ya moto kwenye mguu wa fyuzi, joto linapanda na mguu mpaka ndani, na fyuzi inafanya kile ilichotengenezwa kufanya, inakata. Imekufa hata kabla haijaingia kwenye gari. Wapo wanaobana mguu kwa koleo katikati ya kiungo na mwili wa fyuzi ili koleo linyonye joto, na ni kweli inasaidia kama miguu ni mirefu, ila kwenye hii rezista yangu nafasi haitoshi hata mdomo wa koleo jembamba, nikijipinda hivi mkono wa kulehemu hauingii, nikijipinda vile koleo linateleza, basi nikachoka nikaachana na kulehemu kabisa. Nikabana kwa vile vibomba vidogo vya shaba visivyo na plastiki, mguu wa fyuzi unaingia huku, mguu wa rezista unaingia huku, unakandamiza pande zote mbili, imeisha. Hakuna joto hata kidogo. Ukikosa vibomba, ile konekta ya skrubu ya kuungia nyaya za taa ivue plastiki yake utumie kile chuma cha ndani, ila skrubu zinalegea kwa mtikisiko wa gari kwa hiyo hiyo ni ya kupimia tu.

Na tafadhali asije mtu hapa na habari za kurusha waya juu ya fyuzi. Rezista imekaa ndani ya njia ya hewa ya plastiki na inapozwa na upepo wa feni yenyewe. Siku mota ikikwama upepo hakuna, koili zinakuwa nyekundu, na fyuzi kubwa ya gari ya ampea 30 inaweza isijali kabisa kwa sababu umeme unaopita haujafika huko. Kile kipunje ndo kinga yako.

Haya, nikarudisha, spidi zote zikawaka, nikapiga mluzi. Baada ya muda kidogo kimya tena. Fyuzi imekata. Nikaweka nyingine, ikakaa kidogo, ikakata. Mnaelewa hasira ya kitu kinachopona halafu kinakufa? Bora kigome moja kwa moja ujue moja.

Kila niliyemuuliza alisema mota nzito, inavuta umeme mwingi, bushi zimekauka. Inaingia akilini, ila nilitaka namba. Msipime ampea za feni kwa kupitisha kwenye multimita ya kawaida, upande wa ampea 10 spidi ya juu itaichoma fyuzi ya ndani ya mita. Mimi nilitumia rezista yenyewe kama kipimo, nikapima omu za koili inayofanya kazi spidi ya tatu, nikagusanisha ncha za mita nikatoa omu za nyaya zake maana kwenye vipimo vidogo hivi zinadanganya sana, ikabaki 0.5. Halafu feni ikizunguka nikapima volti pande mbili za hiyo koili, 4.5. Gawanya, ampea 9. Mota haina neno, na nikiizungusha kwa kidole inazunguka laini bila kukwaruza.

Sasa joto linatoka wapi?

Jibu lilikuwa kwenye soketi na lilikuwa linanichekea muda wote. Plastiki yenyewe ni nyeupe, lakini kuzunguka shimo moja imekuwa ya kahawia, na ukiitazama kwa tochi ukingo wa lile shimo umelegea na kupinda kidogo. Ukichomoa soketi ukapima waya kwa mita unapata volti 12 safi kabisa na unasema hapa pazima. Uongo mtupu! Mita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata waya uliobaki na uzi mmoja utakuonyesha volti kamili. Inatakiwa upime kazi ikiwa inafanyika, ncha moja unaichomeka nyuma ya soketi iguse shaba ya waya, ncha nyingine kwenye pini ya rezista, feni ikizunguka. Kiungo kizima hakitakiwi kupita hata volti 0.1. Changu kilisoma 1.4.

Piga hesabu, volti 1.4 mara ampea 9 ni wati 12 na ushee, zote zinatokea kwenye kiungo chembamba kilichofungiwa ndani ya plastiki ambako upepo haufiki. Joto hilo linatembea na pini mpaka kwenye kibao cha rezista, na fyuzi ya joto imepandwa pembeni kabisa ya pini hiyohiyo. Fyuzi haikuwa na shida na koili wala na mota, ilikuwa inachomwa na jirani.

Kwanza nilipiga msasa pini nikaibana ile teminali jike kwa koleo ishike vizuri, volti zikashuka, kisha siku chache mbele zikapanda tena. Chuma cha teminali kikishapata moto kinapoteza uspringi wake, utabana utabana kitafunguka tu. Kwa hiyo nikaitoa kabisa kwenye soketi, nikakata waya nyuma, na hapo nikaona kitu kingine, nyuzi za shaba nyeusi tii. Nikakata tena nyuma, bado nyeusi, nikakata tena mpaka shaba ikang'aa, nikaongezea kipande cha waya wa unene uleule, nikabana teminali jike mpya ya milimita 6.3, nikaipitisha nje ya soketi ya zamani ikae yenyewe kwenye pini yake na kimrija cha plastiki juu. Sio kazi ya kuvutia macho. Lakini sasa inasoma volti 0.04.

Kuhusu koleo la kubania teminali, nina maneno. Yale mepesi yenye matundu ya rangi rangi yanapondaponda tu, unavuta waya unatoka. Lile lenye meno, ambalo haliachii mpaka limalize kubana, ukiliazima hata kwa siku moja hutarudi nyuma. Na multimita hamhitaji ya gharama, ya bei chee inatosha, ila muwe na taa ya testa ya balbu halisi pembeni, maana balbu inavuta umeme na waya mbovu utaonekana hapohapo kwa mwanga hafifu. Testa za LED kwa kazi hii ni mapambo.

Mpango ulikuwa nikimaliza hapa nishushe mota, nipime brashi, nifute vumbi la kaboni kwenye mifereji ya komyuteta, ile pete ya shaba inayosuguliwa na brashi, na niweke tone la mafuta ya cherehani kwenye bushi kwa sababu asubuhi kuna kamlio. Ile dawa ya kulegeza kutu msiweke huko, inaosha mafuta yaliyomo kisha inakauka. Ila mpango huo umelala, maana kuna kitu kimeniingia kichwani na hakitoki.

Ile koili ya 0.5 kwa ampea 9 inachoma wati 40 bure. Mosfeti, yaani swichi ya kielektroniki, ya miliomu 5 hata kwa ampea 18 inachoma wati 1.6. Kwa nini nisiitupe rezista nzima niweke PWM, yaani kuwasha na kuzima umeme wa mota kwa mapigo ya haraka, nipate spidi za kuteleza badala ya hatua nne? Nimeshaunga moja mezani, mosfeti upande wa hasi, dayodi ya kurudisha umeme wa mota, kwa mapigo ya hetzi 400 mota ikalia kama inzi mkubwa, nikapandisha mpaka karibu na kilohetzi 20 ikanyamaza. Tatizo sasa ni redio, ikiwa karibu inapiga mluzi hasa spidi ndogo. Waya za mota nimezifupisha na kuzisokota, umepungua ila upo. Aliyewahi kuumaliza huo mluzi aniambie kapasita aliiweka upande wa mota au upande wa betri, na ya ukubwa gani.