Ya kwenu

Tangu Jumatatu jioni nina neno limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Wifi amejifungua mapacha Jumatano, wote wa kiume, wote salama, studio tumehamia ghorofa ya pili, maji yamerudi baada ya siku nne, na bado nikipanda kitandani ninachosikia ni neno hilo tu.

Mnaonifuata hapa kazi yangu mnaijua. Siku Kama ya Leo, redioni, dakika mbili, saa moja kasorobo asubuhi, kabla ya magazeti. Naandika mimi, anasoma mwingine. Huu mwaka wa 11. Tarehe nyingi ni za kuokoteza: mfalme fulani kavikwa taji, meli fulani imezama. Lakini zipo tarehe zilizojaa mpaka zinamwagika, na kwangu 7 Julai ndiyo mama yao. Huwa naanza kuiandika mwezi mzima kabla.

Jumatano ya 7 Julai 1954, hapahapa Dar es Salaam, TAA, Tanganyika African Association, ikawa TANU, na Nyerere, mwalimu wa Pugu, akawa rais wa chama. Ndiyo Sabasaba hii tunayoijua, na ndiyo maana mpaka leo watu wanabanana kwenye daladala za Barabara ya Kilwa kwenda maonyesho. Chama kile kilidai uhuru kwa Kiswahili, na UNESCO ilipotafuta tarehe ya Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, ikachukua hiyohiyo. Lugha ya kwanza ya Afrika kupewa siku yake na shirika lile. Hilo naliweka kila mwaka na kila mwaka linanisisimua.

Halafu 1998, Moshood Abiola anafia kizuizini Nigeria, mtu aliyeonekana wazi kushinda urais miaka mitano nyuma na hakuukalia hata siku moja. 2005, mabomu kwenye treni tatu za chini ya ardhi na basi moja London, abiria 52 hawakurudi nyumbani. Na 1928, mjini Chillicothe, Missouri, mkate uliokatwa vipande na mashine unauzwa dukani kwa mara ya kwanza.

Na 1990. Jumamosi. Kamukunji, Nairobi. Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wameitisha mkutano wa kudai vyama vingi. Serikali ikaupiga marufuku, na siku tatu kabla ikawatia wote wawili kizuizini. Watu wakaenda hivyohivyo. Mabomu ya machozi, risasi, vurugu za siku kadhaa, watu wakafa. Mwezi Desemba mwaka uliofuata kifungu cha 2A, kile cha chama kimoja tu, kikafutwa katika katiba ya Kenya, vyama vingi vikarudi. Niliiandika kwa sekunde 40 na kila neno nililipima.

Basi Jumatatu jioni mkuu wa kipindi akaja mezani, skripti anayo kwenye simu, kikombe cha chai mkono wa pili.

"Dada, kesho sikukuu. Watu wako na watoto wao wanakunywa chai. Tusiwape vifo."

Akaondoa London. Akaondoa Abiola. Sikubisha, hoja yake niliielewa.

"Na Kamukunji?" nikauliza.

"Ah, hiyo ya kwenu, dada. Iache. Weka ule mkate."

Nikasema, "Sawa."

Hakukunja uso wala hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayemrudishia jirani bakuli lake. Na ndiyo inayoniuma, kwamba alisema kwa wema. London hakuiita ya Waingereza, aliitoa tu. Abiola hakumwita wa Wanigeria. Mimi tu ndiye niliyekuta jambo langu lina mwenyewe.

Nimekaa Dar miaka 19. Nimezaa hapa. Baba mkwe nimemuuguza kwa mikono hii, na siku ya maziko nilikuwa jikoni na wake wenzangu wa ukoo huu, macho yamevimba kama yao. Neno "kwenu" nalipenda. Mama mkwe akiniuliza "hawajambo kwenu?" nasikia raha, najua anawaulizia wazee wangu. Sasa neno lilelile linafanyaje kazi ya mlango?

Tangu siku hiyo namjibu. Namjibu nikikuna nazi, namjibu kwenye mwendokasi nimesimama. Mkate wa Missouri ni wa kwetu? Hilo ndilo ninalorudia zaidi. Lingine refu kidogo: mwaka jana tu vijana wametoka tena tarehe hiyohiyo Nairobi na watu wameuawa tena, na hapa mtaani kwetu kila mtu alikuwa anaangalia kwenye simu, mbona siku ile haikuwa ya kwenu? Kila jibu linakuja limenyooka, na kila jibu limechelewa. Nilisema sawa.

Kuna mnachonidai nyinyi pia, kwa sababu hapa nimewahi kuandika kuhusu baba na Kamukunji zaidi ya mara moja. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Makongeni, Nairobi, nyumba za reli, baba karani. Jumamosi ile alirudi alasiri, macho mekundu hayafunguki, anapapasa ukuta. Mama akauliza kama kuna maziwa. Hayakuwepo, ila mimi nilikuwa nimeficha pakiti moja ya maziwa ya Nyayo, zile za pembetatu tulizogawiwa shuleni, chini ya nguo zangu. Nikaitoa. Mama akaikata pembe kwa meno, akamlaza baba kichwa nyuma kwenye kiti, akammiminia taratibu, jicho moja, halafu la pili. Maziwa yakawa yanashuka masikioni mpaka kwenye kola. Hakuna aliyesema neno. Nimemsimulia mwanangu Imani haya tangu yuko darasa la kwanza, na siku zote namalizia hivi: babu yako alikwenda Kamukunji.

Jana nikampigia. Nilitaka tu kusikia sauti ya mtu ambaye jambo hili ni lake.

"Shikamoo baba." Hii shikamoo ya Dar bado inamsimamisha kidogo kabla hajasema marahaba. Nikamweleza yote, redio, mkate, ya kwenu. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Lakini mimi sikuenda Kamukunji, mama," akasema. "Nilienda sokoni, Gikomba, hapo karibu. Nilikuwa nakutafutia sweta ya shule."

Sweta. Julai Nairobi baridi inaingia kwenye mifupa, na mimi ile ya mwaka uliotangulia ilikuwa imenikatia viwikoni. Alikuwa ameshaipata, akasema, ya kijani, ameishika mkononi anapatana bei, ndipo watu wakaanza kukimbia. Akaitupa. Hakumbuki alipitia wapi.

Nikamuuliza, na vidole viwili? Kwa sababu hata hilo nimemwambia Imani, kwamba babu alinyoosha vidole viwili vya vyama vingi.

"Hivyo nilinyoosha. Matatu ilipita inapiga honi, watu wote wakanyoosha, na mimi nikanyoosha. Halafu nikaangalia kama kuna mtu wa kazini ameniona. Halafu nikaendelea kutafuta sweta."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na mwaka ule ningemwambia nani? Nilikuwa karani wa reli, na nyumba ni ya reli."

Miaka 36. Nilikaa kwenye ngazi za nje, simu imeshaisha chaji mkononi, na lile neno la Jumatatu kwa mara ya kwanza likapungua uzito. Sikumfikiria mkuu wa kipindi hata kidogo. Nilikuwa namwona baba, miaka 38 tu, mdogo kwangu mimi wa leo, amenyoosha vidole viwili mbele ya mabanda ya mitumba, na mkono ule mwingine bado anapapasa masweta kutafuta saizi yangu. Nilifurahi mpaka nikalia. Nimembeba baba niliyemtengeneza mwenyewe miaka yote hii, na huyu wa kweli nampenda zaidi.

Imani nimeshamwambia upya. Alichouliza ni kama ile term niliimaliza bila sweta. Niliimaliza.

Skripti ya mwakani nimeianza leo asubuhi. Kamukunji imo, nimeipanga mara baada ya TANU, na safari hii nimeweka na soko, honi za matatu, na watu waliokuwa wametoka kununua vitu vya nyumbani. Sekunde 45. Nikiambiwa tena iache, nitauliza kwa nini, na nitauliza nimesimama.

Ila sasa hivi kinachoninyima usingizi ni friji. Tangu jana usiku inanguruma halafu inanyamaza muda mrefu mno, na ndani kuna kongoro la wifi, supu ya wiki nzima, mama mkwe kaniaminia mimi. Fundi nimempigia mara nne hapokei. Nimeugusa mfuko sasa hivi, umeanza kulainika.