Kitabu Kilichofungwa Gazeti

Desemba 2005 ndugu tulikuwa tumejaa nyumbani kwa shangazi, Rau, Moshi, kama kawaida ya kila Krismasi. Binamu yangu, aliyekuwa akisoma falsafa seminari ya Kibosho, na mimi tulikuwa tumenunua sidii karibu na stendi: filamu ya mwaka 2000 kuhusu Marquis de Sade, yule mwandishi Mfaransa ambaye vitabu vyake vya uasherati na kumkufuru Mungu vilimpeleka gerezani.

Tulifika pale amenyang'anywa kalamu. Anachovya mfupa wa kuku kwenye mvinyo na kuandika hadithi juu ya shuka la kitanda, kisha shuka linakwenda kwa dobi. Shangazi akaingia na ungo wa mchele, akasimama, akatazama kidogo.

"Zima."

"Mama, kuna padri humo ndani," binamu alijaribu kujitetea.

"Ndiyo maana nasema zima, Frateri. Watoto wanapita hapa."

Tukazima. Lakini mimi nilikuwa nimewaka. Nikamweleza kwamba mtu huyo aliishi kweli, kwamba serikali ya Napoleon ilimkamata mwaka 1801 kwa sababu ya vitabu, na miaka miwili baadaye akahamishiwa hospitali ya vichaa ya Charenton. Padri Coulmier aliyeisimamia alikuwa akiwaruhusu wagonjwa waigize tamthilia, na Sade ndiye aliyewaongoza. Mwaka 1810 ikatoka amri anyimwe karatasi, wino na kalamu.

Shangazi alikuwa anapepeta. Ungo ukatulia.

"Kalamu nayo wakamnyima?"

Akakaa kwenye kigoda, akaanza kuchambua mchele, chuya huku, vijiwe kule. Tukadhani yameisha. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia.

Mwaka 1974 alikuwa kidato cha pili. Shule ilikwisha kutaifishwa lakini mkuu wa shule alikuwa bado sista. Bwenini kilizunguka kitabu kimoja tu, Rosa Mistika cha Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku mashuleni. Kilifungwa gazeti ili jalada lisionekane, na kila msichana alipewa usiku mmoja. Zamu yake ilipofika alisoma chini ya blanketi kwa tochi. Alifika pale Rosa anapoingia chuo cha ualimu, blanketi likavutwa.

"Sista hakunipiga," alisema. "Aliniuliza kama najua jina hilo ni la nani. Nikajua, ni la Bikira Maria. Kila jioni tulikuwa tunaimba litania yake: Waridi lenye fumbo, utuombee. Nililia kwa aibu. Halafu akanipeleka jikoni, akanipa mimi mwenyewe nikitie motoni."

Vidole vyake vilikuwa vimeacha kuchambua.

"Mimi nilikuwa namwombea yule Rosa, mnajua? Baba yake alivyompiga kwa ajili ya ile barua ya mvulana, nilikuwa namwombea kama mtu wa kweli. Na sikujua alifika wapi."

Mimi nilikuwa nimekisoma kidato cha tano, kitabu cha mtihani, na maswali yake nikayajibu. Hilo liliniumiza kifuani namna ambayo hata sasa siwezi kulieleza vizuri: miaka 31 mtu anabeba nusu ya hadithi, na mimi nilipewa nzima bila kuomba. Nikafungua mdomo nimwambie mwisho wake.

"Usiniambie," akanikata. "Nitafutie."

Jumatatu nilizunguka maduka ya vitabu mjini. La kwanza hawakuwa nacho, la pili wakanichimbulia nakala moja chini ya rundo la vitabu vya kiada. Niliporudi shangazi alikuwa amemaliza kazi za jikoni, mikono bado ina maji. Akaifuta kwenye kanga, akakipokea, akasoma jina kwenye jalada kimoyomoyo, midomo ikicheza.

Kisha akainuka kwenda chumbani. Alirudi na gazeti la juzi na mkasi, akakaa pale pale kwenye kigoda, akaanza kukifunga.